Matengenezo ya Jiko la Makaa

Wenzetu waliotutangulia katika shule hii, ambao leo wanasoma au wanafanya kazi katika nchi za baridi, wamezoea nyumba zenye mtambo wa kutia joto. Mtambo huo ukiharibika katikati ya majira ya baridi, hakuna angojaye wiki ijayo. Fundi huitwa siku ile ile, maana bila joto nyumba haikaliki. Huku kwetu Rusizi hatuna mitambo ya namna hiyo. Lakini tuna jiko la makaa. Kwa jiko hilo twapika ugali na maharagwe, twachemsha maji ya kuoga, na usiku wa mvua twaota moto. Basi jiko la makaa ndilo mtambo wetu, nalo huharibika kama mitambo mingine. Ajabu ni kwamba likiharibika watu wengi hawaendi kwa fundi. Huendelea kulitumia na ufa wake mpaka siku linapovunjika vipande viwili.

Nataka kueleza mambo matatu: jinsi jiko lifanyavyo kazi, jinsi ya kulitengeneza likiharibika, na jambo moja ambalo fundi yeyote hawezi kulitengeneza. Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa huua watu. Lakini halifahamiki vema mpaka yale mawili ya kwanza yafahamike.

KWA NINI MAKAA, NASI TUNA UMEME?

Mgeni afikapo Rusizi II aweza kuuliza swali la haki. Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu, ambalo liko yapata mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nao huteremka mpaka Ziwa Tanganyika, lililo yapata mita 770 tu. Maji yanayoporomoka hivyo yana nguvu nyingi. Kituo cha umeme cha Rusizi II kilianza kazi mwaka 1989, nacho ni cha nchi tatu kwa pamoja: Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa nini basi watu wakaao karibu na umeme wote huo wapike kwa makaa?

Jibu lapatikana kwa hesabu ndogo. Kituo cha Rusizi II chaweza kutoa yapata megawati 44, yaani wati milioni 44. Jiko dogo la umeme, la sahani moja, hula wati 1,000. Basi nguvu yote ya kituo yatosha kuwasha majiko 44,000 ya sahani moja kwa wakati mmoja, na hapo isibaki taa hata moja, wala kiwanda, wala hospitali, wala redio. Majiko hayo 44,000 ndiyo ya kugawanywa kwa nchi tatu, na Rwanda peke yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13 katika hesabu ya watu ya mwaka 2022. Taa ya siku hizi hula wati 10 tu. Kwa hiyo jiko moja la umeme hula sawa na taa 100. Umeme wafaa sana kwa mwanga, lakini joto ni mlafi. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina taa ya umeme darini na jiko la makaa uani.

Tena baridi yetu si moja. Watu wa Bugarama, kule bondeni, hucheka wakisikia habari ya kuota moto, maana kwao jasho halikauki. Lakini Kamembe usiku huhitaji blanketi, na mtu apandaye kuelekea msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hukuta baridi ya kweli. Huko jiko huingizwa ndani ya nyumba, na huko ndiko hatari yake ilipo.

MAJINA NA ASILI YAKE

Katika Rwanda jiko hili huitwa imbabura. Ng'ambo ya mto, Bukavu, husikika mbabula, na makaa huitwa makala. Basi ndugu zetu wa Bukavu wakisoma kwamba haya ni makala ya gazeti la shule, wasije wakadhani nawauzia gunia.

Jiko la zamani lilikuwa la chuma kitupu: bati limekunjwa, katikati wavu wa kushika makaa, chini mlango wa majivu. Ni jiko jepesi na la bei ndogo, lakini joto lake jingi hutoka ubavuni likapotea hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Kenya, watu waliangalia jiko moja la Thailand lenye udongo ndani, wakalibadilisha lifae vyungu na mapishi ya kwao. Umbo lake ni kama ngoma iliyobanwa kiunoni: juu pana, katikati pembamba, chini pana tena. Nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitengeneza kwa wingi, na tangu hapo umbo hilo limeenea katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki.

Hapa Rwanda tunayo pia majiko ya kuni yaliyoboreshwa. Moja huitwa rondereza, maana yake ni kutumia kwa kiasi. Jingine huitwa canarumwe, maana yake ni kuwasha ukuni mmoja tu. Majina hayo ni mafunzo kamili. Lakini hapa nitashika habari za jiko la makaa lenye udongo ndani, kwa kuwa ndilo lililo katika nyumba nyingi za mjini.

JINSI JIKO LIFANYAVYO KAZI

Jiko lina sehemu tano, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni mwili wa bati. Huu hushika sehemu nyingine zote, na ndio wenye vishikio na miguu.

Ya pili ni chungu cha ndani, cha udongo uliochomwa. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke ubavuni, lipande juu kwenye sufuria. Udongo hupitisha joto polepole sana kuliko chuma. Ndiyo maana twaweza kushika kikombe cha udongo chenye chai ya moto, lakini cha bati hutuunguza.

Ya tatu ni tabaka la kati, baina ya bati na udongo. Mafundi hulijaza saruji iliyochanganywa na majivu, au na jiwe jepesi liitwalo vamikulaiti. Tabaka hili hushikanisha udongo na bati, na pia huwapa nafasi, maana chuma kikipata moto hutanuka zaidi kuliko udongo. Bila tabaka hilo vingegombana.

Ya nne ni sakafu yenye matundu, ambayo makaa hukaa juu yake. Majivu huanguka chini kwa matundu hayo, na hewa hupanda juu kwa matundu hayo hayo.

Ya tano ni mlango wa chini. Ukifunguliwa, hewa nyingi huingia na moto huwa mkali. Ukifungwa nusu, moto hutulia. Mlango huu ni kama bomba la maji: afunguaye na kufunga kwa akili hupata anachotaka, na aachaye wazi siku zote hupoteza.

Sasa tazama moto wenyewe. Makaa karibu yote ni kaboni. Hewa ipitayo chini hukutana na makaa mekundu, na oksijeni iliyomo huungana na kaboni. Hapo hutoka joto jingi na hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo hupanda katikati ya makaa mengine ya moto, nayo huchukua kaboni zaidi, ikageuka kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu ikakuta hewa safi na joto la kutosha, huwaka tena, nawe huona miali midogo ya samawati ikicheza juu ya makaa. Lakini ikiwa jiko limepoa kidogo, au hewa haitoshi, haiwaki. Hutoka tu ikaenea chumbani. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

MAGONJWA YA JIKO NA DAWA ZAKE

Katika likizo ya kiangazi nilipata ruhusa ya kukaa siku mbili kibandani kwa fundi mmoja wa bati katika Kamembe, nitazame kazi. Nilimwuliza, «Mzee, ni ugonjwa gani ulio mwingi?» Akacheka, akasema, «Kijana wangu, ugonjwa ulio mwingi ni maji.» Nilidhani ananitania, lakini alisema kweli. Watu wakimaliza kupika humwaga maji juu ya makaa ili yabaki ya kesho. Udongo uliokuwa moto sana hupozwa ghafula upande mmoja, nao hupasuka. Afadhali makaa yatolewe kwa koleo, yatiwe katika kopo la bati lenye kifuniko na kuachwa nje. Yakikosa hewa huzima yenyewe, na jiko hubaki zima.

Magonjwa niliyoyaona ni haya:

1. Ufa mwembamba katika udongo. Huu watengenezeka nyumbani. Kwangua ufa kwa msumari mpaka vumbi na majivu yatoke. Twaa makopo mawili ya udongo wa mfinyanzi na kopo moja la vigae vya chungu vilivyotwangwa vikawa unga. Changanya kwa maji kidogo mpaka uwe kama unga wa chapati. Lowesha ufa kwa maji, ili udongo mkavu usinyonye maji ya kiraka, kisha jaza na kusugua kwa kidole. Liache jiko kivulini siku kadhaa, wala usilianike juani. Halafu liwashe kwa makaa machache kwa muda wa saa moja, na kesho yake zaidi kidogo. Kwa nini vigae? Kwa sababu udongo mtupu ukikauka hunywea, nao hujitenga na kuta za ufa. Vigae vilikwisha kunywea siku vilipochomwa mara ya kwanza. Havinywei tena, navyo hukishika kiraka.

2. Ufa mpana, au udongo uliovunjika vipande. Huu haupigwi kiraka. Mpelekee fundi aondoe udongo wa zamani na kutia mpya ndani ya bati lile lile. Kabla ya kulipa, uinue udongo mpya na kuugonga kwa kidole kama mtu achaguavyo chungu sokoni. Udongo mzima hulia. Wenye ufa usioonekana hutoa sauti iliyokufa.

3. Udongo unaocheza ndani ya bati. Ukilitikisa jiko ukasikia kishindo, jua ya kwamba tabaka la kati limemeguka. Fundi huondoa mabaki, akajaza saruji na majivu upya. Hapa pana kosa linalofanywa na wengi: hutwaa saruji tupu wakaipaka ndani kabisa, mahali pa moto. Saruji ya kujengea haistahimili moto mkali. Joto hutoa maji yaliyofungwa ndani yake, nayo hudhoofika na kubomoka. Mahali pake ni nyuma ya udongo, si mbele yake.

4. Matundu yaliyoziba. Huu si ugonjwa, ni uchafu tu. Majivu yakiziba matundu, hewa haipandi. Mpishi huona moto haukolei, akapuliza mpaka macho yakatoka machozi, na mwisho akasema jiko ni bovu. Waya mmoja na dakika mbili zatosha. Ikiwa kuta baina ya matundu zimevunjika na makaa yanaanguka chini, fundi aweza kuweka wavu mdogo wa chuma juu yake.

5. Bati lililoliwa na kutu. Majivu hunyonya unyevu wa hewa, na majivu mabichi hula bati. Jiko linalolala na majivu kila usiku huozea chini, kwenye miguu na mlango. Fundi hukata bati la pipa la zamani, akapiga kiraka kwa misumari ya kubana. Yafaa kumwuliza pipa hilo lilikuwa la nini. Pipa lililowekwa sumu ya wadudu halifai kabisa karibu na chakula, hata likioshwa mara kumi. Wala mabati ya kuezekea yenye zinki hayafai mahali pa moto mkali, kwa kuwa moshi wa zinki hudhuru mwili.

6. Mlango uliokwama. Watu wengi huona mlango kuwa pambo. Lakini jiko lisilo na mlango ni kama baiskeli isiyo na breki: huenda, ila haliongozwi.

Baada ya kazi, patana na fundi kwamba utalijaribu jiko. Jaribio lake ni rahisi, nalo laweza kufanywa hata darasani. Pima lita 2 za maji na makaa ya kopo moja lililojaa sawasawa. Washa jiko, tenga sufuria yenye kifuniko, uangalie saa. Fanya hivyo kabla ya matengenezo na baada yake, kwa sufuria ile ile, ukaandike dakika na makaa yaliyobaki. Katika miinuko ya Kamembe maji huchemka kwa joto la nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama vitabu visemavyo kwa watu wa pwani. Lakini kwa kuwa ni sawa mara zote mbili, jaribio halidanganyi.

Mtu aweza kusema, «Ufa mmoja ni kitu gani?» Na tufanye hesabu. Tuseme nyumba moja hutumia kilo 2 za makaa kwa siku, na kwa sababu ya ufa na matundu yaliyoziba sasa hutumia kilo 3. Kilo 1 kwa siku ni kilo 30 kwa mwezi. Katika tanuri za udongo za wachoma makaa, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makaa. Kwa hiyo kilo 30 zilizopotea ni kilo 150 mpaka 300 za kuni. Makaa mengi ya Rwanda hutokana na mikaratusi iliyopandwa, lakini mkaratusi nao hauoti kwa siku moja. Ufa wenye upana wa ukucha hula miti, na kabla ya kula miti hula fedha za karo.

Wala tusidhani ni majiko ya maskini tu yanayohitaji kazi hii. Katika wilaya yetu hii hii, kule Bugarama, kuna kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1984. Tanuri la saruji hupasha mawe joto la nyuzi 1,450 hivi, nalo limejengwa kwa hekima ile ile: nje chuma, ndani matofali yasiyoogopa moto. Matofali hayo huchakaa, na tanuri lolote la namna hiyo hulazimika kuzimwa ili yabadilishwe. Ikiwa wahandisi huzima tanuri kubwa kwa ajili ya matofali machache, mama wa nyumbani asione haya kulipeleka jiko lake kwa fundi.

JAMBO AMBALO FUNDI HAWEZI KULITENGENEZA

Sasa narudi kwenye ile kaboni monoksaidi niliyosema tulikumbuke.

Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu huivuta bila kujua. Ikifika mapafuni huingia katika damu, ikakamata himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Nayo huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ifanyavyo. Basi damu huendelea kuzunguka, moyo huendelea kupiga, lakini mzigo uliobebwa si ule mwili unaoutaka. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, miguu hulegea, akili huchanganyika, kisha usingizi humchukua. Aliyekwisha kulala hapati hata onyo hilo. Hutoka katika usingizi akaingia katika mauti.

Mfaransa Claude Bernard alionyesha katika miaka ya 1850 jinsi hewa hii inavyoifukuza oksijeni katika damu. Mwishoni mwa karne hiyo Mskoti John Scott Haldane aliichunguza hata kwa kuivuta mwenyewe, akawashauri wachimba makaa ya mawe kushuka na wanyama wadogo shimoni, kwa kuwa hao hulemewa kabla ya mtu. Na elimu haimkingi asiyejihadhari: mwandishi mashuhuri Émile Zola alikufa katika nyumba yake mjini Paris, mwaka 1902, kwa hewa hii hii, kwa sababu bomba la moshi la chumba chake cha kulala lilikuwa limeziba.

Hapa kwetu watu wana imani tatu zinazowadanganya.

Imani ya kwanza ni kwamba sumu ni moshi, basi makaa yakiisha kutoa moshi na kuwa mekundu, jiko laweza kuingizwa ndani. Sivyo. Moshi huonekana na hukoholesha. Hewa hii haionekani wala haikoholeshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa kimya kimya.

Imani ya pili ni kwamba beseni la maji likiwekwa karibu na jiko litainyonya sumu. Sivyo. Hewa hii haiyeyuki katika maji ila kidogo sana. Kesho yake beseni litakutwa limejaa maji, na watu je?

Imani ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu huletwa na matengenezo yenyewe. Mtu husema, «Jiko langu limetengenezwa, fundi ni hodari, halina ufa, sasa ni salama.» Kumbe jiko zima hutunza joto muda mrefu kuliko bovu. Makaa yake hukaa na uhai usiku kucha, yakiwaka polepole chini ya majivu, mlango umefungwa, hewa ni kidogo. Hali hiyo ndiyo inayozidisha kaboni monoksaidi. Fundi huponya jiko lisipoteze makaa. Hawezi kuyaponya makaa yasitoe sumu. Dawa ya sumu hiyo ni hewa safi peke yake. Hakuna jiko la makaa, jipya au la zamani, la bei kubwa au ndogo, linalofaa kulala chumba kimoja na watu.

Basi tufanyeje usiku wa baridi? Washa jiko nje, ulipulize huko mpaka likolee. Ukilazimika kuota moto ndani, mlango na dirisha viwe wazi pande mbili, hewa iingie huku na kutoka kule, na watu wawe macho. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, wala si pembeni mwa chumba. Ukitaka joto kitandani, pasha maji kwa jiko hilo hilo, yatie katika chupa ngumu yenye kizibo kizuri, yakiwa ya moto bila kuchemka, izungushie kitambaa na kuiweka miguuni. Joto la jiko litakufuata kitandani, na sumu yake itabaki uani.

Ukikuta watu wamelala chumbani mwenye jiko nao hawaamki, usikae hapo ukiwaita majina. Fungua milango na madirisha, watoe nje haraka, kisha tafuta msaada wa kuwafikisha hospitali, ambako watapewa oksijeni. Wala usiingie ukakaa humo muda mrefu, maana mwokozi naye hupumua.

Tena tusisahau kwamba moshi wa kawaida nao si rafiki. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Wengi wao hawakufa kwa usiku mmoja, bali kwa magonjwa ya mapafu na moyo yaliyokuja polepole. Hao ni akina mama na watoto wadogo zaidi kuliko sisi wavulana tunaongoja sahani mezani.

KWA WENZETU WALIO MBALI

Ndugu mnaokaa Ulaya na Marekani, msidhani habari hii ni ya imbabura tu. Mitambo yenu ya kutia joto inayochoma gesi, mafuta au kuni hutoa hewa ile ile ikiwa hewa ya kuchomea haitoshi au bomba la moshi limeziba. Kwa hiyo mwiteni fundi mwenye kibali aukague mtambo kila mwaka kabla ya baridi kuanza. Wekeni kile kidude kinacholia kinapoisikia hewa hiyo. Na msizibe matundu ya hewa kwa magazeti ili kuzuia baridi. Na umeme ukikatika wakati wa theluji, msikumbuke nyumbani mkaingiza jiko la makaa sebuleni.

Kwetu sisi tulio huku, wakati mzuri wa matengenezo ni kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, maana udongo hukauka vizuri na mafundi hawajasongwa na kazi. Mvua za Septemba zikifika, kila mtu hukumbuka jiko lake siku moja, na foleni huwa ndefu. Kila mwanafunzi aendaye likizo na ageuze jiko la nyumbani kwao juu chini, alitikise, alitazame matundu yake, aufungue na kuufunga mlango wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Akisha kuziba ufa wa jiko, atazame na chumba wanamolala wadogo zake, aone kama dirisha lake hufunguka.